Kanda Kumi na Tisa za Mzee wa Majini

Nilimsikia kabla sijamwona. Ilikuwa alasiri, jua la Ujiji limekaa juu ya mabati kama pasi iliyosahaulika juu ya shati, nami nilikuwa natoka nyumbani, Katubuka, kwenda sokoni na kikapu mkononi. Sauti ilitoka upande wa ziwani. Ilianza chini, kama mtu anayeburuta kitanda cha chuma kwenye sakafu ya saruji, kisha ikapanda, ikapasuka, ikaning'inia hewani muda mrefu kuliko pumzi ya kiumbe chochote nilichokijua. Mbwa walinyamaza.

Mbele yangu alikuwa mama mmoja, godoro lililofungwa kamba kichwani, mtoto mgongoni. Hakutazama nyuma wala pembeni. Alilitupa godoro, akashuka mtaroni, akalala kifudifudi na mtoto wake juu yake.

Vijana waliokaa kwenye baraza la fundi baiskeli walicheka mpaka mmoja akashika mbavu.

"Mama, inuka! Ni video hiyo!"

"Ni Mzee wa Majini, hana shida na watu wa huku. Yeye anakula Wajapani tu!"

Mama yule aliinuka. Hakucheka wala hakuwatukana. Alimgeuza mtoto, akamgusa masikio yote mawili, moja baada ya jingine, kana kwamba anahakikisha bado yapo. Nilimsaidia kulirudisha godoro kichwani.

"Asante, mwanangu," alisema, kwa lafudhi ya ng'ambo ya mpaka, akaondoka haraka akifuata ukuta.

Nilitakiwa kwenda sokoni. Nilifuata sauti.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Vilima vya upande wa pili wa mpaka vilikuwa vinawaka, na watu walishuka kwetu kwa miguu na kwa boti, wengine na masufuria, wengine na cherehani, wengine mikono mitupu. Kambi zilikuwa mbali na mji, na sheria ilikuwa moja: mkimbizi akae kambini, akitoka awe na kibali. Lakini mji ni mji. Watu walichanganyika, wakauza mihogo, wakafua nguo za watu, wakaoa. Kiha cha Kigoma na Kirundi cha ng'ambo ni ndugu wa tumbo moja, na mwenye kutaka kupita kama mtu wa Kasulu alipita, mpaka siku atakapoulizwa sana.

Banda la video lilikuwa karibu na forodha ya boti. Zamani lilikuwa ghala la dagaa, na harufu ilikataa kuhama. Ndani kulikuwa na mabenchi, televisheni moja juu ya meza ndefu, deki chini yake, na pembeni pazia la kanga kuukuu. Nyuma ya pazia alikaa mtafsiri na kipaza sauti. Juu ya paa kulikuwa na spika ya tarumbeta. Niliona siku ile ile kuwa spika imeelekezwa ziwani, si barabarani kwenye wateja. Nikadhani ni uzembe.

Niseme mapema jambo ambalo siku ile sikulijua, msomaji asije akatembea gizani kama nilivyotembea mimi. Mtafsiri yule alikuwa mkimbizi, na hakuwa na kibali. Kila alasiri aliposhika kipaza sauti kile, alikuwa anajiweka karibu na kukamatwa, kupakiwa kwenye lori na kurudishwa kambini; au, kama watu walivyoanza kunong'ona, kuvushwa mpaka moja kwa moja. Naye alikuwa na sababu ya kubaki pale, mahali pale pale, chini ya spika ile. Mama mwenye banda alijua. Mimi nilikuwa wa mwisho kujua na wa kwanza kuandika.

Kanda zenyewe zilikuja ndani ya boksi. Mgeni mmoja aliyekuwa akifanya kazi kambini alirudi kwao, vitu vyake vikauzwa, na mama mwenye banda, mjane mnene wa Ujiji mwenye sauti ya kuamrisha mvua, akanunua boksi zima akidhani ni filamu za ngumi. Zilikuwa kanda kumi na tisa, zimeandikwa namba kwa kalamu ya risasi, zote za Kijapani, zote za mnyama mmoja: joka kubwa kuliko ghorofa, linatoka baharini, linavunja mji, linarudi majini. Kanda inayofuata, linatoka tena.

"Nimenunua janga," mama mwenye banda alipenda kusema. "Lakini janga lenyewe linajaza benchi."

Watu walilibandika joka jina la Mzee wa Majini, halafu Mzee tu. "Mzee leo kaamka vibaya." "Mpisheni Mzee, anaelekea kazini."

Hakuna mtu Kigoma nzima aliyejua Kijapani, na kanda hazikuwa na maandishi ya lugha yoyote chini. Hilo halikumsumbua mtu. Mtafsiri wa banda hatakiwi kujua lugha, anatakiwa kujua watu. Alimpa jenerali sauti ya bwana mkubwa wa wilaya, akampa mtaalamu mwenye miwani sauti ya mwalimu ambaye mshahara wake umechelewa.

"Mheshimiwa, nilikwambia msichokoe chini ya maji!"

"Mwambie!" benchi la mbele likapiga kelele.

"Mheshimiwa anasema tuunde kamati."

Banda likavunjika kwa kicheko, na Mzee akakanyaga kamati pamoja na jengo lake.

Siku moja kijana mmoja aliuliza kwa sauti, "We kaka, Kijapani umejifunzia wapi?"

Pazia likajibu bila kutikisika: "Mjapani akifungua mdomo, wewe mtazame macho. Macho yanasema Kiha."

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na nilikuwa na ugonjwa wa kuandika. Baba alikuwa karani wa ofisi ya wilaya, mgeni kama mimi. Tulihamia kutoka Singida nikiwa mdogo. Alikuja nyumbani na karatasi zilizoharibika kwenye taipu, upande mmoja umechapwa na kufutwa kwa mistari ya x, upande wa pili mweupe. Karatasi ilikuwa adimu. Tangu shule ya msingi niliandikia upande mweupe, na sikuwahi kusoma upande wa pili. Haukunihusu.

Baada ya kanda ya kwanza, ambayo ilikuwa ikirudiwa wiki nzima, niliandika tathmini, nikamwonyesha mama mwenye banda. Aliishika mbali na macho, akasoma akichezesha midomo.

"Hii yote ni juu ya Mzee?"

"Ndiyo, mama."

"Ibandike mlangoni. Watu wakisoma watadhani ndani kuna chuo kikuu."

Ikawa kazi yangu. Kila kanda, tathmini moja, misumari miwili, mlango wa mbele. Nakala niliweka kwenye daftari, na daftari hilo ninalo mpaka leo, jalada limeliwa na mende. Kwa mfano, kanda ya pili: "Mzee hana kosa. Ameamshwa. Wewe ukiwashiwa moto chini ya kitanda, ungeamka unacheka?" Kanda ya tano: "Mji huu ni wa maboksi, na nimeuona uzi ulioshika ndege. Niliogopa hata hivyo. Mtu akiogopa kitu huku anauona uzi wake, ujue anachokiogopa hakimo kwenye kioo cha televisheni." Kanda ya nane: "Mbovu. Wamemfanya Mzee mlinzi wa mji alioubomoa mwenyewe, na watu wanampungia mikono. Mimi nisingepunga."

Watu walisoma, wakabishana, wakaingia. Nilianza kutembea Ujiji kama mtu anayejulikana. Mtafsiri, ambaye nje ya pazia alikuwa mwembamba, mpole, mwenye shati moja zuri, aliniita mwandishi.

"Mwandishi, leo utamhukumu nani?"

"Leo nakuhukumu wewe, kaka."

"Nihurumie. Mimi ni mdomo tu."

Hakuwa mdomo tu. Niligundua hilo kwenye kanda ya kumi na nne, kwa sababu mimi peke yangu nilikuwa nimezitazama zote na kuziandika zote. Katika kila kanda kuna wakati mji unakimbia. King'ora kinalia, milango inafunguliwa, watu wanamiminika barabarani na vifurushi. Na katika kila kanda, hapo hapo, katikati ya makelele, mtafsiri alishusha sauti na kuuliza swali moja:

"Umefunga mlango?"

Hakukuwa na jibu. Aliuliza, akanyamaza kidogo, kisha akaendelea na jenerali. Banda ndilo lililojibu: "Nimefungaaa!" Watu walicheka, kwani ni Mjapani gani anayeuliza habari za mlango huku nyumba inakanyagwa? Swali likaenda mjini. Wasichana kwenye bomba la maji waliulizana, umefunga mlango? Waendesha baiskeli walipopishana, umefunga mlango? Nimefunga! Hata baba aliniuliza siku moja asubuhi, akitabasamu, hajui limetoka wapi.

Nilirudi nyuma kwenye daftari. Swali lilikuwapo kanda ya kwanza. Lilikuwapo ya tatu, ya sita, ya nane ile mbovu. Na halikuwa peke yake. Kwenye kioo watu walikimbia barabara za lami kati ya maghorofa. Kwenye spika walipita kwenye migomba. Kwenye kioo kulikuwa na daraja la chuma; kwenye spika kulikuwa na kijito na mtu akisema, shika mkono, mawe yanateleza. Na mwisho wa safari, hata kama mji wa Kijapani ulikimbilia milimani, watu wa mtafsiri walifika ziwani, wakasubiri boti.

Moyo ulinidunda kama wa mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani. Nilichukua karatasi moja katika zile za baba, nikaandika usiku huo bila kufuta:

"Kanda ya kumi na nne. Huyu bwana hatafsiri. Nimetazama zote, naweza kusema. Mjapani anakimbia kwenye lami. Mtafsiri wetu anampitisha kwenye migomba, anamvusha kijito, anamfikisha ziwani. Hiyo si njia ya Japani. Ni njia ya watu tunaowaona kila siku wakishuka kwenye boti. Mnaocheka mkisikia habari za mlango, siku moja nyamazeni. Anayeuliza aliwahi kuacha mlango nyuma yake. Hatafsiri. Anakumbuka."

Nilifikiri ndiyo sentensi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Hata leo, nikiisoma kwa aibu, nadhani si mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi.

Niliibandika alfajiri, na niliporudi alasiri mtafsiri alikuwa amesimama mbele ya mlango, mikono nyuma, anasoma kama mwanafunzi anayetafuta jina lake kwenye matokeo. Alisoma mpaka mwisho, akaanza upya.

"Umeandika vizuri," alisema.

"Kweli, kaka?"

"Vizuri sana. Ungeniuliza kwanza."

Hapo ndipo nilipoisikia karatasi yangu kama mtu mwingine alivyoweza kuisoma. Nilinyoosha mkono niing'oe. Aliushika mkono wangu kabla haujafika.

Aliniambia pale pale, kwa sauti ya chini, macho yake kwenye karatasi. Walikuwa wanaondoka, yeye na mdogo wake wa kike, wa mwisho kutoka nyumbani. Wazazi walishatangulia na majirani. Walipofika kwenye migomba alikumbuka kuwa mlango wameuacha wazi, na mbuzi wataingia kwenye unga. Mbuzi, alisema, nilifikiria mbuzi. Akamwambia mdogo wake: kimbia ukafunge mlango, nakusubiri hapa. Msichana alikimbia. Risasi zikaanza upande wa nyumbani. Alisubiri.

"Nilisubiri kidogo," alisema. "Watu walikuwa wananisukuma. Nilisubiri kidogo tu."

Wazazi aliwapata kambini. Mdogo wake hakuwako kambi ile wala nyingine alizotembelea. Mtu mmoja alimwambia amemwona msichana wa sura ile upande wa kaskazini wa ziwa, anatafuta boti ya kushuka. Boti za kaskazini zinaingia Ujiji Jumamosi. Basi akatoka kambini bila kibali, akatafuta kazi ambayo ingeifikisha sauti yake mpaka majini.

"Sura yangu amesahau labda, nimekonda. Lakini swali hilo hawezi kusahau. Akilisikia atajua nani anauliza."

"Basi niitoe karatasi, kaka. Tafadhali."

Alifikiri. Upande wa ziwani mtu alikuwa anapiga nyundo kwenye mbavu za boti.

"Iache," alisema. "Anajua kusoma. Alikuwa anasoma kuliko mimi."

Nikaiacha, na tathmini zilizofuata nikaziweka daftarini tu. Msumari mmoja ulikuwa umelegea, na yeye mwenyewe aliugongea kwa jiwe.

Wiki zile anga ilikuwa nzito, mvua haiji. Tuliendelea na kanda ya kumi na tano, ya kumi na sita, mpaka ya kumi na nane. Mzee alizidi kuwa mbaya; kwenye kanda hizi za mwisho hakuwa na sababu tena, alitoka tu majini na kuja. Redioni walisema wanaoishi nje ya kambi wajisalimishe. Kwenye mtaa wa Bangwe kulikuwa na malori matatu yameegeshwa tangu Jumatatu, hayapakii kitu wala hayashushi, madereva wamelala chini yake. Mama muuza mihogo wa jirani yetu hakuonekana siku mbili, na siku ya tatu meza yake ilikuwa na mtu mwingine, na hakuna aliyeuliza. Bandani watu walicheka zaidi ya zamani, kwa nguvu, kama wanaotaka wasikike wakicheka.

Alhamisi nilikuta mlango wa banda mtupu. Karatasi yangu ya kanda ya kumi na nne haikuwapo. Haikuwa imechanwa. Misumari yote miwili ilikuwa imeng'olewa kwa uangalifu na kuwekwa juu ya kizingiti, mmoja kando ya mwenzake.

"Mama, nani ameitoa?"

Mama mwenye banda alikuwa anafagia. "Bwana mmoja. Shati limenyooka, viatu vinang'aa. Kasoma, kageuza nyuma, kasoma na huko nyuma. Kasema asante."

"Huko nyuma kulikuwa na nini?"

"Si ndiyo nikuulize wewe, mtoto wa ofisini?"

Kesho yake, Ijumaa, baba alirudi mchana kula, jambo asilolifanya siku za kazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa."

Alitoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne, akaiweka kati ya bakuli la dagaa na sahani ya ugali. Nilizijua kingo zake. Aliikunjua na kuilaza upande uliochapwa. Ulikuwa mwanzo wa barua ambayo aliikosea na kuianza upya: kuhusu watu wanaoishi mjini bila kibali, na mitaa itakayopitiwa. Mistari ya x ilikuwa imefuta nusu tu.

"Imenirudia leo," alisema. "Aliyeileta aliitambua taipu yetu, herufi e imekatika mguu. Alitaka kujua karatasi ya ofisi imefikaje kwenye mlango wa video. Nilipoigeuza nikakutana na mwandiko wako."

"Baba, mimi..."

"Nimemwambia mwanangu anapenda sinema. Akacheka. Akasema, mwanao anaandika vizuri, ametusaidia." Alisukuma sahani. Baba alikuwa mtu wa kumaliza chakula; sikuwahi kumwona akibakiza. "Karatasi yako imesomwa na watu wasiopenda sinema."

Nzi alitembea juu ya jina la mtaa wetu.

"Yule unayemsifu ni mtu wa wapi?"

"Kasulu," nikasema.

Baba alinawa mikono. Kisha akaichukua ile karatasi, akaikunja tena mara nne, akainuka, akachukua kofia yake. Mlangoni akasimama, mgongo umenielekea.

"Kesho Jumamosi," alisema. "Usiende kule. Umenisikia? Kesho usiende."

Hakuwahi kunikataza banda hata siku moja. Nilielewa kwamba hakuwa ananikataza. Alikuwa ananipa alichoweza kunipa, akiwa karani, akiwa baba, akiwa mtu aliyeichapa barua ile kwa vidole vyake mwenyewe. Nilisubiri apotee kwenye kona, nikakimbia Ujiji.

Mtafsiri alikuwa anapangusa kichwa cha deki kwa pamba na spiriti. Nilimweleza yote, maneno yakikanyagana. Mama mwenye banda alisimama na ufagio wake.

"Ondoka sasa hivi," akasema. "Kuna boti ya kwenda Ilagala, kusini, jioni hii."

"Kesho ndiyo Jumamosi, mama."

"Kesho ndiyo watakuja, we mwanaume! Husikii?"

"Na boti za kaskazini zinaingia kesho." Alirudisha kifuniko cha deki, akakaza parafujo. "Jumamosi moja tu. Nimezikosa ngapi nikiwa kambini?"

Mama alimtukana kwa Kiha, tusi refu lililoanza na ukali na kuishia na machozi. Kisha akakaa kwenye benchi la mbele na kuanza kupanga. Banda lilikuwa na mlango wa nyuma, nyuma ya pazia, wa bati, wa kupitishia mafuta ya jenereta. Ulitokea kwenye njia nyembamba ya matete mpaka majini. Hakuna mteja aliyeujua. Tatizo lilikuwa wakati: mtafsiri akinyamaza, banda zima linageuka kulitazama pazia.

Ndipo nilipofaa kitu. Nilifungua daftari.

"Pigano la mwisho," nikasema. "Kaka huwa hatafsiri mapigano. Katika kanda kumi na nane, hajawahi kusema neno Mzee akipigana. Na pigano la mwisho halipungui muda wa kusonga ugali na kuula. Jenerali akivua kofia, linaanza."

"Kila kanda?" aliuliza mama.

"Kila kanda."

Jumamosi banda lilijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Kanda ya kumi na tisa, ya mwisho. Yule bwana wa shati lililonyooka alikuja mapema, akakaa benchi la nyuma kabisa, gazeti limekunjwa mapajani. Nilimsikia akimuuliza mama mwenye banda kama kuna mlango mwingine.

"Banda langu lina mlango mmoja," mama alijibu, akimpa nafasi kwa tabasamu. "Kama kaburi, baba. Karibu ukae."

Nje ya mlango ule mmoja walisimama mgambo wawili wakila karanga.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimekaa kwenye dumu. Kupitia ufa wa ukuta niliona kipande cha ziwa, cheupe kama bati. Mtafsiri alivaa shati lake zuri. Alimpa jenerali sauti ya bwana mkubwa, na watu wakacheka. Alimpa mtaalamu malalamiko yake. Kisha maji kwenye kioo yakaanza kuchemka, mgongo wa Mzee ukajitokeza mwamba kwa mwamba, na ile sauti, ile ya kitanda cha chuma, ikatoka juu ya paa letu na kwenda ziwani. King'ora kililia. Mji ulikimbia.

Alisogeza kipaza sauti karibu na midomo mpaka kikagusa.

"Umefunga mlango?"

"Nimefungaaa!" banda likajibu, na kicheko chake.

Kwa kawaida alinyamaza kidogo. Safari hii alinyamaza mpaka watu kwenye kioo wakabaki wanafungua midomo bila neno, mpaka kicheko kikafifia, mpaka benchi moja likatoa mlio na mtu akakohoa. Nilichungulia kwenye ufa. Boti zilikuwa zimefika, tatu, zinayumba kwenye maji mafupi, watu wanashuka na vifurushi vichwani. Nilitega sikio mpaka likauma. Mawimbi. Mwanamke akimwita mtu, jina nisilolijua.

"Zimeingia?" alininong'oneza, kiganja juu ya kipaza sauti.

"Zimeingia."

"Wasichana?"

"Wapo. Wako mbali, kaka, sioni sura."

Alitikisa kichwa, akaendelea. Aliwavusha kijito. Aliwafikisha ziwani. Kwenye kioo jenerali alisimama dirishani, akautazama mji unaowaka, akanyanyua mkono taratibu, akavua kofia.

Mtafsiri aliniwekea kipaza sauti mikononi. Kilikuwa cha moto na kimelowa.

"Mama ataanza tena na kanda namba moja," alisema sikioni kwangu, Mzee akianza kuunguruma. "Utauliza? Pale pale mji unapokimbia?"

"Nitauliza."

"Usicheke ukiuliza."

"Sitacheka. Na akijibu, kaka? Nimwambie nini?"

Alishafika mlangoni, kidole kwenye komeo. Mwanga wa kioo ulipita kwenye kanga na kumtia madoa usoni.

"Mwambie nilisubiri," alisema. "Kidogo. Mwambie hivyo hivyo, kidogo."

Mzee alinguruma juu ya paa, juu ya matete, juu ya boti tatu na watu waliokuwa wakishuka. Chini ya sauti hiyo mtafsiri aliufungua mlango, akatoka kwenye weupe wa alasiri, akageuka, akalishika bati kwa mikono yote miwili lisipige kelele, akaufunga.